Kafi Lipi kwa Ghuba ya Winam? Shajara ya Majaribio ya Dunga

Januari: swali lenyewe

Kwa kayaki moja, mpiga kafi mmoja na maji yale yale ya ufukwe wa Dunga, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, umbo la kafi linabadilisha nini? Wanaouza makafi hujibu upesi: kasi. Mimi nafundisha fizikia ya sekondari hapa Kisumu na jibu hilo halinitoshi. Chombo kikienda kwa mwendo usiobadilika, nguvu inayokisukuma ni sawasawa na nguvu ya maji yanayokizuia, na maji hayajali umeshika nini mkononi. Ila maji nayo hayakai kitako yakangoja kuvutwa. Kila ukivuta kafi, sehemu yake inakimbilia nyuma, na kazi iliyoyakimbiza imekwenda bure. Kwa hiyo dhana yangu ya kuanzia ni kwamba makafi yaliyotengenezwa vizuri yatakaribiana kwa kasi na kutofautiana kwa gharama: nani anayelipa, moyo, bega, au kifundo cha mkono.

Kayaki ni ya fibaglasi, futi 14, mtumba, yenye viraka upande wa tezi, yaani nyuma. Kwa urefu huo, mawimbi inayoyatengeneza yenyewe huanza kuizuia kwa ukali ikikaribia kilomita 9 kwa saa. Nitapima kwa kilomita 6, mwendo wa mtu anayetaka kufika na bado ana nguvu ya kurudi.

Washindani ni kijiko, yaani kafi la kiwandani lenye mabapa mawili yaliyobonyea. Kafi la Greenland, refu na jembamba, nitakalolichonga mwenyewe. Na kafi la wavuvi wa hapa, bapa moja lenye umbo la jani. Bawa la wanamichezo, kafi la mashindano lenye bapa lililopinda, nitaliazima likipatikana.

Januari: mbao

Wainuit wa Greenland hawakuwa na misitu ya kupasua mbao. Walichonga makafi yao kwa magogo yaliyoletwa na bahari, mengine yakiwa yametoka kwenye mito ya Siberia. Sisi tunayo saiprasi inayoshushwa kutoka nyanda za juu, na tatizo letu ni la kinyume: ipo tele, lakini inakua haraka, ina mafundo, na mara nyingi inauzwa ikiwa bado inatoa maji.

Nilikwenda kwa fundi ninayemfahamu Kibuye nikitaka mbao ya inchi nne kwa mbili ya futi nane, nyuzi za mti zimenyooka kutoka ncha hadi ncha. Nyuzi zikikatiza bapa kwa mshazari, ncha itapasuka siku ya kwanza utakapojisukuma na jiwe. Nilipekua rundo zima. Fundi alivumilia kisha akaniambia, "Mwalimu, ukimaliza utazipanga tena wewe mwenyewe." Nilizipanga. Iliyonifaa ilikuwa ya tatu kutoka chini, na nikalipia bei ile ile ya zenye mafundo, jambo ambalo wapenda mbao wa Kisumu hawajaligundua bado.

Iko darini chini ya mabati sasa. Joto la huko juu linakausha kuliko uzio wowote wa kuuzia mbao.

Februari: vipimo

Kipimo cha jadi cha kafi la Greenland hutoka mwilini mwa mwenyewe: pima moja na dhiraa moja. Pima yangu, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole mikono ikiwa imenyooshwa, ni sentimita 176. Dhiraa yangu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ni 46. Jumla 222. Mpini wa katikati unakaribia upana wa mabega, nikaukata 50, na hivyo kila bapa linabaki na sentimita 86. Upana wa bapa ni kile ambacho kiganja kinaweza kukishika pande zote mbili bila kujilazimisha. Wangu ni 8.5 kwenye ncha, likipungua kuelekea mpini.

Watu wakiliona kafi hili kwa mara ya kwanza husema ni fimbo. Piga hesabu. Bapa la sentimita 86 lenye upana wa wastani wa 7 lina eneo la takriban sentimita za mraba 600. Kijiko cha kawaida cha safari nacho kiko huko huko, mia sita na kitu. Eneo ni moja, limepangwa tu kwa urefu badala ya upana. Hii ndiyo sababu anayechovya ncha peke yake kama anayepiga kijiko hulalamika kwamba halivuti. Lazima bapa lizame karibu lote, mkono wa chini ukaribie kugusa maji.

Uchongaji: mstari wa kati kwanza, pande zote nne, kwa kalamu na uzi. Kisha msumeno kwa umbo la nje, randa kwa mabapa, na mpini unafanywa pembe nne, nane, kumi na sita, halafu tupa na msasa. Mpini sikuufanya duara kamili. Una umbo la yai, ili kiganja kijue gizani bapa limeelekea wapi bila macho kuulizwa. Sikupaka vanishi; nimepaka mafuta ya linsidi tabaka nyembamba nyembamba. Vanishi inateleza ikilowa na inatoa malengelenge mikononi, na kwenye kafi la Greenland mikono haikai sehemu moja, inatembea hadi kwenye mabapa.

Limefika zaidi kidogo ya kilo moja. Kijiko changu cha plastiki chenye mpini wa alumini kina uzito huo huo karibu, ila ukivishika vyote viwili katikati na kuvizungusha, kijiko kinagoma. Uzito wake umekaa mbali, kwenye ncha, na ncha ndizo zinazosafiri kila unapobadilisha upande. Mizani haikuambii hilo.

Februari: utaratibu

Tunapima asubuhi tu. Ziwa hili lina ratiba yake: usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, ndio unaowasaidia wavuvi wa omena kutoka, adhuhuri unageuka, unakuja kutoka ziwani, na alasiri unaweza kuwa mkali. Kuna saa chache za utulivu katikati, na hizo ndizo zetu.

Kuna miti miwili ya wavuvi iliyosimama majini kando ya mafunjo. Kipande chetu ni mita 500 kwa GPS ya simu, kwenda na kurudi. Mpwa wangu huandika. Kabla ya kila zamu anaokota kikaratasi kimoja kati ya vilivyokunjwa, na hicho ndicho kinachoamua kafi. Nikiachiwa kuchagua, nitaanza na nilipendalo kabla sijachoka. Simu iko kwenye mfuko usiopenya maji mbele yangu, mkanda wa mapigo ya moyo uko kifuani. Nashika kilomita 6 kwa saa. Yeye anahesabu mapigo ya kafi kwa dakika kutoka ufukweni.

"Mjomba, na upepo ukiwepo kidogo si kwenda na kurudi kunafutana?" Hakufutani, na nilifurahi ameuliza. Upepo wa mbele unakuchelewesha kwa muda mrefu kuliko ule wa nyuma unavyokuwahisha, kwa sababu unaupigana nao kwa dakika nyingi zaidi. Upepo ukianza kutikisa mafunjo, tunafunga daftari.

Viboko: hatuingii alfajiri kabla mwanga haujakamilika, na hatukaribii mafunjo yenye njia iliyokanyagwa. Kichocho: ziwa linacho, tunapimwa, na dawa yake ni prazikwanteli. Hayo mawili sitayarudia.

Machi: maji tulivu

Kijiko dhidi ya Greenland, kilomita 6 kwa saa: moyo haukuonyesha tofauti ninayoweza kuitetea mbele ya darasa. Tofauti ya asubuhi moja na nyingine kwa kafi lile lile, kutegemea nilivyolala na kama nilikunywa chai, ni kubwa kuliko tofauti ya kafi na kafi. Ningekuwa muuzaji ningechagua asubuhi moja nzuri na kuichapisha.

Tofauti iko kwenye mdundo. Greenland linataka mapigo mengi zaidi kwa dakika, kila moja likiwa jepesi. Kijiko kinataka machache, kila moja zito. Kuondoka kutoka kusimama, kijiko kinashinda wazi: bapa fupi pana linazama lote mara moja na kung'ata, wakati bapa refu bado linaingia. Baada ya mita chache faida hiyo imekwisha.

Jambo lililonichukua muda mrefu ni kutikisika. Vuta kafi la Greenland bapa likiwa wima kabisa na litayumba kushoto na kulia mkononi, hasa ukivuta kwa nguvu. Maji yanayopita kwenye kingo mbili hutengeneza visulisuli nyuma ya bapa, na visulisuli hivyo havichomoki pamoja. Vinachomoka kwa zamu, ukingo huu kisha ule, na kila kimoja kinalipiga bapa kidogo upande wake. Kijiko kimetibiwa kiwandani kwa kuwekewa mgongo katikati ya uso wa bapa ili maji yagawanyike sawa pande mbili. Greenland halina mgongo huo. Tiba yake iko kwenye kifundo cha mkono: unaulaza ukingo wa juu mbele kiasi, bapa linaingia kwa mshazari, maji yanapita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya kugombana, na kafi linatulia ghafla. Hapo hapo linaanza kujizamisha lenyewe. Halinyonyi hewa, halitoi mapovu, halina sauti. Ukisikia maji yanachemka kando yako, pembe imepotea.

Sijawahi kupata kitu darasani kinachoonyesha mtiririko wa maji vizuri kama hiki, na ni mbao ya saiprasi.

Machi: kafi la wavuvi

Kwenye kayaki yangu bapa moja limeshindwa vibaya. Mwendo wa 6 naufikia, lakini nusu ya mapigo yananyoosha omo, yaani mbele ya chombo, badala ya kusukuma, na moyo unapanda kuliko kwa makafi mengine yote. Nilikuwa tayari kuliandika hivyo na kulifunga.

Jaduong' (mzee, kwa Kijaluo) mmoja wa Dunga, mvuvi wa miaka mingi, alikuwa akitutazama asubuhi hizi zote bila kusema neno. Leo alikuja, akalishika kafi la Greenland, akaligeuza. "Japuonj," yaani mwalimu, "hili mbona limekonda? Halijala?" Kisha akaonyesha kayaki. "Na wewe umekaa chini kama mtoto ndani ya karai. Kafi langu halikutengenezewa karai."

Nikamwomba, Jaduong', tupande mashua yako. Akakubali, akakaa kwenye ubao wake wa tezi, juu, magoti yamekunjwa, na kafi lile lile lililonishinda likafanya kazi yake: mkono wa juu uko juu kweli, bapa linashuka wima karibu na ubavu wa mashua, na mwisho wa pigo anakizungusha kifundo kidogo mashua inyooke bila pigo la ziada. Akanipa nafasi nijaribu Greenland kutoka hapo. Mpini uligonga ubao wa ukingo kila upande. Kutoka urefu ule bapa halikuzama hata nusu.

Kwa hiyo mstari wa daftari nimeukata na kuuandika upya. Nilichokuwa napima hakikuwa kafi peke yake. Ni kafi pamoja na urefu wa kiti na upana wa chombo. Kayaki yangu ina upana wa sentimita 60 na nimekaa karibu usawa wa maji, na hapo mabapa mawili yana haki yao.

Machi: urefu

Nikiwa na wazo hilo nilirudi kwa kijiko. Kina kiungio katikati kinachorefushwa, 220 hadi 230, umbo lile lile, plastiki ile ile. Sentimita kumi tu.

Hapa moyo ulisema. Kwa 230 mapigo kwa dakika yanapungua, kila pigo linakuwa zito, na omo inayumba zaidi kwa sababu bapa linapita mbali na chombo. Tofauti hii niliiona kila asubuhi tuliyoipima, tofauti na ile ya kijiko na Greenland iliyokuwa inapotea ndani ya kikombe cha chai. Mtu anayebishana kuhusu umbo la bapa huku ameshika urefu usio wake anabishana kuhusu jambo dogo. Kwa chombo chembamba kama hiki sitaki kijiko kinachozidi 220, na watu wafupi wangeshuka zaidi.

Aprili: upepo wa alasiri

Mvua za masika zimeanza, asubuhi nyingi zimeharibika. Tumetumia muda huo kwa kile kisichopimika kwa saa: kupiga kafi dhidi ya upepo wa ziwani, karibu na ufukwe, jaketi la kuokolea limefungwa, na kurudi mara wingu linapojikusanya. Radi za alasiri hapa si za kuzoea.

Kijiko kinaweza kuwekwa mabapa yakipishana, kwa mfano kwa pembe ya nyuzi 60, ili bapa lililo hewani lipasue upepo wa mbele kwa ukingo badala ya kuubeba kwa uso. Inasaidia kweli. Lakini upepo ukija ubavuni, bapa lile lile sasa limegeuza uso wake kwa upepo na linataka kukunyang'anya kafi, na kifundo kimoja kinafanya kazi ya kuzungusha siku nzima. Greenland halipishani. Mabapa yako sambamba, lakini ni membamba na linapigwa chini chini, bapa la hewani halipandi juu kuliko kichwa. Upepo wa mbele au wa ubavuni, haukupata pa kushika. Kwa alasiri za Winam nimeacha kuwa mwamuzi asiyependelea: nachukua Greenland.

Aprili: gugumaji

Upepo ule ule umesukuma gugumaji hadi ghuba ya ndani. Zulia zima halipitiki kwa kafi lolote na sijaribu. Tulijaribu kwenye ukanda mwembamba, mimea iliyotawanyika.

Kijiko kinaokota. Kinaingia vizuri, kikitoka kimebeba mizizi, na unainua kilo ambazo hukuzihitaji. Greenland linateleza kutoka kwa mizizi lakini urefu wake unakuwa mzigo. Hakuna nafasi ya kulilaza. Kafi la wavuvi limewashinda wote. Ncha yake inapenya wima kati ya mimea, maji ni ya kina kifupi, na linageuka kuwa upondo: unaikita chini na kujisukuma. Nimelifunga kwenye sitaha ya nyuma kama akiba, na halitoki hapo.

Mei: bawa

Mkufunzi mmoja aliniazima bawa kwa wikendi. Umbo hili lilizaliwa Sweden miaka ya 1980 na mashindano ya kasi yameling'ang'ania tangu wakati huo. Bapa limepinda kama bawa la ndege, na halivutwi kwenda nyuma sambamba na chombo. Linaachwa litoroke kwa nje, mbali na ubavu, maji yapite juu ya mgongo wake na kuzaa nguvu ya kwenda mbele. Kwa njia hiyo maji yanayokimbizwa nyuma bure ni machache.

Kwa nguvu zote, mita 500, lilikuwa la kwanza, na halihitaji GPS kuliona. Kwa kilomita 6 kwa saa faida ilikuwa ndogo kiasi cha kurudi kwenye mabishano ya chai. Na nilipojaribu kuliegemeza majini kujizuia nisipinduke, ukingo wake uliojikunja ulizama upande nisioutaka. Linajua pigo moja, na linalijua kuliko yote. Kurudi nyuma, kujiegemeza, kugeuza chombo kati ya nyavu: hapana. Limerudishwa Jumatatu.

Juni: bega

Kwa safari za zaidi ya saa moja mpwa wangu aliongeza safu kwenye daftari: "inauma wapi?" Kwa kijiko nimejibu bega la kulia mara nyingi. Kwa Greenland nimejibu hakuna, au mgongo wa chini, ambao ni wa kiti. Sababu naiona kwenye kuingia kwa bapa: pana na fupi linashika yote kwa mara moja na kiungo kinapokea mshtuko, refu linashika kidogo kidogo kadiri linavyozama. Kile kile kinachokifanya kijiko kishinde kuondoka ndicho ninachokihisi begani nikikaribia kurudi.

Juni: kwenye benchi

Kafi la mpwa wangu. Pima yake ni sentimita 160, dhiraa 42, kwa hiyo urefu 202, mpini 44, upana wa bapa 7.5. Mbao ni saiprasi tena. Fundi alikuwa ameniwekea kando moja isiyo na fundo na akaitaja bei mpya. Mpwa anataka lipakwe rangi ya chungwa lote ili lionekane likiponyoka majini. Tumekubaliana ncha tu. Mpini unabaki na mafuta.